Bawabu wa Daraja la Chumvi

Whyalla, kusini mwa Australia, ni mji wa vumbi jekundu. Linaingia kabatini, linakaa kwenye kola za mashati, na mgeni akilalamika, wenyeji humtazama kama mtu anayelalamikia jua. Humo ndimo alimozaliwa Murray Teague, humo alifanya kazi ya chuma miaka ishirini na miwili mpaka sikio la kushoto likafa kwa kelele, na humo, baada ya kupunguzwa kazini, alipata kibarua cha kuchonga funguo katika duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane, mnene kidogo, mwepesi wa mzaha. Yeye na mkewe Glenys hawakujaaliwa watoto. Ukimuuliza mtu wa Whyalla kuhusu Murray, hakutajii funguo wala chuma. Atakwambia, "Aa, yule wa madadu?"

Maana Murray ndiye aliyekuwa mlango wa mchezo ule wa kuigiza kwa madadu. Kila Jumamosi mchana, katika ukumbi wa maskauti karibu na uwanja wa mpira, aliweka meza ya wageni, watu ambao hawajawahi kucheza hata mara moja. Aliwakalisha, akawagawia karatasi na penseli, akamwaga mezani madadu ya kila umbo, na hotuba yake ilikuwa ile ile miaka yote.

"Jamani, msitishike. Hapa hakuna ubao, hakuna mshindi. Kila mmoja wenu atakuwa mtu fulani, mwindaji, mwizi, mchawi, utakavyo mwenyewe. Mimi nawaambia mko wapi na mbele yenu kuna nini. Ninyi mnaniambia mnafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, dadu inaamua. Kama utotoni uliwahi kupanda fimbo ukasema ni farasi, basi nusu ya kanuni unazo."

Watu walicheka, mabega yakashuka, mchezo ukaanza. Alikuwa na kipaji, hilo hakuna anayembishia. Walipita mikononi mwake wauguzi, walimu, madereva, mpaka mchungaji mmoja wa kanisa aliyeona raha kubwa kuwa jambazi. Msaidizi wake alikuwa Voula Manessis, mama wa makamo aliyeendesha basi la shule, aliyecheza naye miaka ishirini na kuujua mchezo kama yeye, ila hakupenda kukaa mbele.

Na ndani ya mchezo, kila kundi la wageni lilipitishwa na Murray kwenye Daraja la Chumvi. Hapo alikaa bawabu, kizee mmoja aliyeitwa Pimble, na Pimble alikuwa na kigugumizi. Murray alipomwigiza alifumba macho, akatikisa kidevu, akajipiga paja kama mtu anayemhimiza punda, ndipo neno likatoka vipande vipande: "Na-na-na-nani hu-hu-huyo?" Hakuna meza iliyowahi kuacha kucheka. Wachezaji wa zamani walikuwa wakija kusimama mlangoni ili tu wamsikie Pimble. Walipomuuliza sauti ile aliipata wapi, Murray alisema, "Ilinijia tu."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano. Wageni walikuwa watatu. Wawili walikuwa wachumba, Declan na Kirra, vijana wa kucheka kwa sauti, waliokuja wameshikana mikono. Wa tatu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, peke yake, amevaa sare ya kijani ya nyumba ya kutunzia wazee chini ya koti. Alipoulizwa jina hakulisema, alinyoosha kibandiko kifuani: Danica. Alipoulizwa atakuwa nani katika mchezo, aliigeuza karatasi yake ili Murray asome mwenyewe. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: Ilka, mwindaji.

"Haya, Ilka," Murray akasema. "Usiogope, dada. Hapa hatuli watu."

Danica akatabasamu, akatikisa kichwa. Murray alichukulia kuwa ni haya. Alikwisha kuona wengi wa namna ile, wanaokuja kimya na kuondoka wakipiga kelele, naye alijivunia kuwafungua midomo.

Wakafika darajani. Murray akafumba macho, akatikisa kidevu, akajipiga paja. Pimble akauliza nani huyo. Kirra alicheka mpaka akashika ubavu, na Declan akapiga meza hata dadu moja ikaanguka chini.

"Nani anamjibu?" Murray akauliza.

"Mwindaji!" Declan akasema. "Si ndiye aliyetangulia?"

Wote wakamgeukia Danica. Akavuta pumzi. Midomo ikajiandaa, neno likakwama. Akafumba macho, kidevu kikatetemeka, na baada ya kitambo neno likapenya nusu, likarudi, likapenya tena. Alitaka kusema tu kwamba wao ni wapita njia.

"Amempata!" Kirra akapiga kelele. "Jamani, amemwiga sawasawa!"

Declan akapiga makofi. Na Murray, kwa mazoea ya mtu aliyecheza jambo moja mara mia, akajibu kwa sauti ya Pimble, akimfanya kizee yule kama aliyekasirika kwa kuigwa: "A-a-ati u-u-unaniiga?" Ukumbi ukavuma.

Hapo ndipo alipoona shingo ya Danica. Wekundu ulikuwa umepanda kutoka kwenye kola hadi masikioni, na mkono wake mmoja ulikuwa ukiubana mwingine chini ya meza, kucha zimezama kwenye nyama. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile Murray aliuhisi wake mzito kama jiwe. Alijua. Alijua pale pale, wala hakuhitaji kuambiwa. Angeweza kusimamisha mchezo. Angeweza kusema wapumzike wanywe chai. Badala yake aliirusha dadu, akaitazama bila kuiona, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Bawabu ameridhika. Mmepita."

Wakaendelea saa mbili nzima. Danica hakufungua mdomo tena. Alipotaka kupiga mshale alinyoosha kidole, alipotaka kusonga alisogeza mezani kijisanamu cha Ilka. Mwisho aliikunja karatasi yake mara nne, akaitia mkobani, akawaaga kwa kichwa, akatoka.

Voula alibaki kukusanya vikombe. Alivipanga kimya kimya, kisha akasema bila kugeuka, "Murray. Yule dada hakuwa anaigiza."

"Najua."

"Umejua saa ngapi?"

"Wakati ule ule."

Voula akageuka. "Na ukaendelea?"

"Nikaendelea."

Voula akarudi kwenye vikombe vyake, na Murray angependa kama angemtukana. Tusi lina mwisho, ukimya hauna.

Wiki ile alichonga funguo vibaya. Wateja watatu walirudisha zao. Aibu ya mtoto ni mvua ya kiangazi, inanyesha na kukauka, lakini ya mtu mzima hukaa kama maji kwenye nyumba ya udongo, inalainisha kuta kidogo kidogo. Na iliyomla Murray haikuwa ya Danica peke yake. Siku ya Jumatano, akiwa amesimama mbele ya mashine, chembe za shaba zikimwagika, mkono wake ulijipiga paja wenyewe, bila kukusudia, naye akajua sauti ile ilikotoka.

Haikumjia tu. Ilikuwa ya Clem.

Clem ni mdogo wake, wamepishana miaka mitatu. Alipokuwa na miaka tisa, mama yao alimtuma dukani kununua mkate, naye alisimama mbele ya kaunta amefumba macho, anajipiga paja, anautafuta mkate ndani ya kinywa chake. Nyuma yake walisimama wavulana wa mtaani, na katikati yao, akiiga kila kiungo ili wenzake wasije wakamcheka na yeye kwa kuwa na ndugu wa namna ile, alisimama Murray. Alijifunza vizuri. Alijifunza mpaka akasahau alikojifunzia.

Kumbukumbu ikamvuta mbele zaidi. Mwaka mmoja, wakiwa watu wazima tayari, Clem alikuja kumtembelea kutoka Port Lincoln, alikofanya kazi kwenye boti za jodari. Murray akamkalisha kwenye meza ya wageni kwa fahari kubwa. Wakafika darajani. Pimble akasema yake, watu wakacheka. Clem alikaa kama dakika kumi zaidi, kisha akaashiria kwamba anakwenda kuangalia tairi ya gari lake. Hakurudi. Kesho yake walisikia kwamba alishafika kwake, mwendo wa saa tatu.

Na Murray alifanyaje? Akakigeuza kisa hicho kuwa mzaha. Miaka mingi aliwasimulia wageni: "Ndugu yangu mwenyewe alitishwa na mchezo huu mpaka akakimbilia Port Lincoln!" Watu walicheka. Pengine alikisimulia mara hamsini. Akiwa amesimama pale dukani, na mteja anamsubiri, Murray alianza kuhesabu akaacha.

Jumamosi iliyofuata hakutegemea kumwona Danica. Lakini alikuja. Alikuwa amevaa blauzi ya buluu na kibanio kipya cha nywele, akakaa kwenye kiti kile kile, akaikunjua karatasi yake na kuinyoosha kwa kiganja. Murray alikuwa ameandaa maneno wiki nzima, akaona Mungu amempa nafasi.

Akasimama. "Kabla hatujaanza," akasema, "nina jambo. Wiki iliyopita nilimwaibisha mwenzetu mbele yenu. Danica ana kigugumizi cha kweli, hakuwa anaigiza, na mimi nilimfanyia mzaha. Nilikosa. Nakuomba radhi, Danica, mbele ya wote."

Sauti ilimkatika, machozi yakamtoka. Kwa nukta moja, na hili ndilo alilolionea haya baadaye kuliko yote, alijisikia mwepesi.

Kirra alijiziba mdomo kwa mikono miwili. "Mungu wangu! Sikujua! Pole sana jamani, pole!" Declan akainamisha kichwa. Kisha wote wawili wakamtazama Danica kwa yale macho ambayo mtu humtazamia mgonjwa.

Danica akaikunja karatasi. Akachukua mkobani miwani yake ya jua, akaivaa humo humo ndani, akatoka.

Murray akamkimbilia hadi kwenye maegesho. "Dada! Danica! Tafadhali!"

Akasimama karibu na gari lake dogo. Aliyoyasema yalitoka kwa shida, kwa vituo virefu, naye hakuyaharakisha. Hapa yanaandikwa jinsi alivyoyakusudia.

"Unajua kwa nini nimerudi?"

Murray akatikisa kichwa.

"Nimerudi kwa sababu hawakujua. Walidhani naigiza. Maisha yangu yote watu wakicheka najua wanachocheka, lakini wale walicheka wakidhani nina kipaji. Nilirudi nyumbani nikalia, halafu siku ya tatu nikaanza kuona raha kidogo. Nikasema, hawa naweza kukaa nao. Na sasa umewaambia."

"Nilitaka kukuomba radhi."

"Ulitaka kupata usingizi. Ungenivuta pembeni kama ulikuwa na neno na mimi. Umelileta mezani kwa sababu ulitaka wakuone unalia."

Upepo wa ghuba ulikuwa ukiyazungusha majani makavu miguuni mwao. Murray alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya Whyalla ni ngumu, ina chuma.

"Kabla ya siku ile ya kwanza nilifanya mazoezi ya sentensi ile wiki nzima ndani ya gari," Danica akasema. "Nilikuwa sijui kama kutakuwa na daraja au nini. Lakini nilijua kuna wakati nitaulizwa mimi ni nani. Nikajifunza kusema, tunapita tu."

"Sasa nifanye nini? Niambie, nitafanya."

"Usinipe na kazi hiyo. Mimi nina wazee kumi na wanne wa kulisha chakula cha jioni."

Akaingia garini, akaondoka. Murray akabaki amesimama pale mpaka Voula alipomfuata.

"Nimeharibu mara mbili," akamwambia.

"Ndiyo," Voula akasema. Hakuwa mtu wa kupaka mafuta.

"Chukua kiti changu, Voula. Meza iwe yako."

"Kwa hiyo unakimbia."

"Nakaa pembeni."

"Tofauti yake ni nini?"

"Sijui bado," Murray akasema, na lilikuwa neno la kweli la kwanza alilolisema siku nyingi.

Voula akakichukua kiti. Aliendesha mchezo kwa namna yake, taratibu, bila sauti za kuchekesha, na mwanzoni baadhi ya wazoefu walinung'unika kwamba chumvi imepungua. Mmoja akamwuliza Murray, "Pimble yuko wapi, bwana? Tuletee Pimble hata mara moja!" Murray akamwambia Pimble amekufa. "Amekufaje?" "Vibaya," akajibu, na yule mtu akacheka akidhani ni mzaha mwingine.

Kazi ya Murray sasa ikawa jikoni. Kulikuwa na jiko dogo nyuma ya ukumbi, na kati yake na ukumbi dirisha la kupitishia vyakula. Alipasha soseji zilizofungwa kwenye unga uliokandwa, akachemsha maji, akaosha vikombe. Voula alimpelekea Danica ujumbe wa simu, mistari miwili tu: meza ni yangu sasa, kiti chako kipo. Hakujibiwa. Zikapita wiki tano.

Mwezi wa saba, siku ya baridi kali kwa kadiri ya baridi ya huko, Danica aliingia, akavua glovu, akakaa. Voula akasema, "Ilka, tulikuacha karibu na soko," kana kwamba ni juzi. Murray alikuwa ameinama kwenye oveni. Alilisikia jina hilo, akataka kutoka kwa mlango wa nyuma, lakini trei ilikuwa imejaa na soseji zingeungua. Akabaki.

Ilka alitaka kununua chumvi kwa mfanyabiashara mmoja mlaghai. Danica akaanza kusema, neno likakwama. Kikawa kimya. Declan hakukiweza kimya kile, akasogea mbele kwa huruma yake yote: "Chumvi? Unataka kusema chumvi?"

"Ngoja," Danica akasema. Hilo lilitoka safi.

Declan akajirudisha kitini, akaiweka mikono yake chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Wakangoja. Saa ya ukutani iligonga, birika likaanza kunguruma jikoni, na Murray akalizima ili lisimkatize. Hatimaye Danica akamwambia yule mfanyabiashara kwamba punda wake ana akili kuliko bei yake.

Meza ikaangua kicheko. Kirra akamwaga maji. Hata Voula, ambaye alikuwa ndiye mfanyabiashara, alishindwa kujizuia, akaiuza chumvi kwa nusu bei bila kurusha dadu. Na kule jikoni Murray naye alicheka, kisha akajishika mdomo akijiona mwizi, mtu anayekula karamu aliyofukuzwa.

Wakati wa mapumziko Danica alikuja dirishani. Wakatazamana.

"Chai," akasema. Halafu, baada ya kitambo, "Sukari mbili."

Murray akamtilia sukari mbili, akakoroga, akampa. Danica akachukua kikombe na soseji moja, akarudi mezani. Ikawa hivyo kila Jumamosi. Hawakuwahi kuwa marafiki, na Murray hakuthubutu kusema kwamba amesamehewa.

Lakini lile la Clem lilibaki. Glenys, aliyemwona mumewe anainuka na simu na kuirudisha mara kumi, alimwambia, "Jambo la ndugu yako haliendi kwa simu, Murray. Yeye na simu wameachana zamani." Basi mwezi wa nane akashika njia, akapita Cowell na Tumby Bay, ngano ikiwa kijani pande zote mbili, akafika Port Lincoln mchana.

Alimkuta Clem nyuma ya nyumba, amesimama kwenye meza ya mbao, anapara samaki. Nywele zilikuwa zimemwisha. Walisalimiana, wakasema habari za mvua. Halafu Murray, akiwa ameshika kofia yake kama mtu aliye mbele ya hakimu, akasema yote: duka la mkate, bawabu, ile siku ya tairi, na mzaha aliousimulia baadaye.

Clem hakuinua macho. Magamba yalikuwa yakiruka na kumgandia mikononi.

"Najua," akasema mwisho. "Si nilikuwepo?"

"Mbona hukuniambia?"

Clem alikaa kimya kirefu. Murray hakujua kama anatafuta neno au kama neno analo na limekwama, akatambua kwamba katika miaka hamsini na mitano hakuwahi kungoja ajue.

"Ningekuambiaje?" Clem akasema. "Ungeiga na hilo."

Murray akaitazama ndoo ya samaki miguuni pao. Uso ulimshuka. Mke wa Clem alichungulia dirishani akauliza kama wanataka chai, hakuna aliyemjibu, akarudi ndani.

"Mchezo nimeuacha," Murray akasema. "Siongozi tena."

"Usiuache kwa ajili yangu." Clem akageuza samaki. "Mimi niliupenda. Zile dakika za kwanza, kabla ya daraja. Nilikuwa mpishi wa jeshi, nina kisu kirefu. Unakumbuka?"

Murray hakukumbuka. Alikumbuka kila aliyecheka siku ile, ila hakukumbuka ndugu yake alikuwa nani. Alitaka kusema uongo, kisha akasema, "Sikumbuki, Clem."

"Haya." Clem akamsogezea kisu cha pili, mpini mbele. "Shika. Ndoo bado imejaa."

Wakapara samaki bega kwa bega mpaka ndoo ikaisha, bila kuzungumza sana. Jua lilipoanza kuinama Murray alisema barabara ina kangaruu, afadhali aondoke mapema. Clem hakumwambia alale. Alimfungia samaki wanne kwenye gazeti, akapangusa mkono wake kwenye suruali, akampa mkono huo. Hakumkumbatia. Murray aliushika mkono ule, wenye harufu na magamba, akaondoka.